Ziwa Lilipopanda, Nani Aliyekosa?



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kilichokaribia kile cha mwaka 1964 ambacho wazee wa pwani hii bado wanakihadithia. Kuanzia Gatumba na Bujumbura mpaka Rumonge na Nyanza-Lac, maji yaliingia majumbani na watu wakahama. Mwezi Aprili mwaka huo serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa. Upande wa Gatete na Rumonge, ziwa ndilo linalotupa ndagala na mukeke, na ardhi ya kando yake ndiyo inayotupa mawese. Kilichokuwa mlango wa riziki kikawa mlango wa msiba.

Balaa la namna hii likitokea, mjadala haukosekani mabwenini. Kila mmoja wetu amewahi kuusikia. Chukua wanafunzi wawili, mmoja Mkristo, mwingine ameanza kuwa na shaka juu ya kuwepo kwa Mungu.

Mwenye shaka huuliza: "Mtoto mchanga akichukuliwa na maji, alikosa nini? Kama Mungu anaweza kumwokoa na hataki, si mwema. Kama anataka na hawezi, si Mungu."

Mkristo hujibu: "Dunia hii imeharibika tangu Adamu. Dhambi iliingia, na mateso yakaingia nayo. Lakini Mungu hakutuacha. Yeye mwenyewe aliteseka pamoja nasi."

"Kwa hiyo mtoto analipa deni la babu asiyemjua? Na hayo maombi yenu, mnamwomba abadilishe nini ikiwa ameshapanga kila kitu? Waliozama, wao hawakuomba?"

"Waliomba. Mungu hujibu kwa wakati wake."

Kisha wote wawili humgeukia Mwislamu aliyekaa pembeni: "Na ninyi mnasemaje?"

Ndugu zangu, hapo ndipo penye mtihani wetu. Wengi wetu hujibu neno moja, "Ni qadar," tukanyamaza. Wengine hujibu vibaya zaidi: "Ni madhambi ya watu wa pale. Ulevi umezidi, zinaa imezidi, sala zimeachwa." Jibu la kwanza ni la kweli lakini limekatwa katikati. La pili ni kusema juu ya Allah jambo tusilo na elimu nalo. Makala hii inajaribu kuonyesha Uislamu unatufundisha kusema nini, na kufanya nini, pale tunapoulizwa swali hilo.

Je, balaa ni hukumu?

Tuanze na kosa kubwa, la kudhani kwamba tunaweza kumtazama mtu aliyepatwa tukajua daraja lake mbele ya Mola wake.

Surat Al-Fajr, kuanzia aya ya 15, inalieleza kosa hili waziwazi. Mwanadamu akipewa neema hudai kwamba Mola wake amemkirimu, na akibaniwa riziki hudai kwamba Mola wake amemdhalilisha. Allah (s.w.) anakanusha madai yote mawili kwa neno moja zito, Kalla, yaani sivyo hivyo. Linalofuata baada ya kukanusha ndilo la kuzingatia. Haikuja maelezo kwa nini fulani alipewa na fulani akanyimwa. Yalikuja malalamiko dhidi yetu sisi watazamaji, kwamba hatumkirimu yatima wala hatuhimizani kumlisha maskini. Sisi tunauliza, "Allah amemfanyia nini huyu?" Qur'ani inatuuliza, "Na wewe umemfanyia nini?"

Maisha ya Mtume (s.a.w.) yanathibitisha hayo. Alizaliwa yatima wa baba, akampoteza mama akiwa mdogo. Katika watoto wake saba, sita walikufa yeye akiwa hai. Ni Fatima (r.a.) peke yake aliyebaki nyuma yake. Kama msiba ungekuwa alama ya kuchukiwa, nani angekuwa amechukiwa kuliko yeye? Naye ndiye aliyetufundisha, katika Hadithi aliyoipokea At-Tirmidhi, kwamba watu wanaojaribiwa kwa mitihani mikali zaidi ni Manabii, kisha wanaowafuatia kwa daraja.

Mwanawe Ibrahim alipofariki Madina, mwaka wa 10 Hijria, jua lilipatwa siku hiyohiyo. Watu wakasema limepatwa kwa kifo chake. Angetaka, angenyamaza tu, na uvumi huo ungemwongezea utukufu machoni pa watu. Lakini alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, na havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu wala uhai wake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Baba mwenye majonzi, tena Mtume wa Allah, alikataa kulisoma tukio la mbinguni kuwa ujumbe juu ya mtu mmoja. Sisi tunapata wapi ujasiri wa kulisoma ziwa kuwa hukumu juu ya kijiji?

Kuna Hadithi nyingine sahihi inayowahusu moja kwa moja watu wa pwani. Mtume (s.a.w.) aliwahesabu miongoni mwa mashahidi Muumini anayekufa maji, na yule anayeangukiwa na jengo. Basi jambo ambalo Mtume amelifanya kuwa mlango wa shahada, sisi tunalitangaza kwenye matanga kuwa adhabu!

Dhambi ya nani?

Mwenzetu Mkristo ana haki ya kusikilizwa kwa uadilifu. Si kila Mkristo husema kwamba mgonjwa analipa dhambi yake. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamuuliza Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Yesu anajibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Kwa hiyo swali la nani aliyekosa limekataliwa hata katika kitabu chao, nasi tunapaswa kulijua hilo kabla ya kuwabebesha wasiyosema.

Tunapoachana nao ni juu ya Adamu. Sisi hatuamini kwamba kosa lake lilipita kwa watoto wake. Surat Al-Baqarah, aya ya 37, inaeleza kwamba Adamu alipokea maneno kutoka kwa Mola wake, naye Allah akaipokea toba yake. Jambo likaisha baina ya mja na Mola wake. Surat Fatir, aya ya 18, inaweka kanuni kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Na Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra. Basi tukiulizwa mtoto mchanga alikosa nini, Mwislamu anajibu bila kusita: hakukosa kitu. Hana dhambi yake wala ya mtu mwingine.

Mtu atauliza, je, Surat Ash-Shura, aya ya 30, haisemi kwamba misiba inayotupata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu? Inasema, na inaongeza kwamba Allah husamehe mengi. Lakini ona inamsemesha nani. Inatusemesha sisi, kila mmoja ajitazame. Mja akipatwa na jambo akarejea kwa Mola wake, akasema, "Huenda ni kwa sababu ya dhambi zangu, ee Mola nisamehe," huyo ameisoma aya vizuri. Akiichukua akaenda nayo kwa jirani aliyefiwa, ameigeuza dawa kuwa fimbo. Tena Surat Al-Anfal, aya ya 25, inatahadharisha juu ya fitina ambayo haitawapata waliodhulumu peke yao. Kwa hiyo hata pale ambapo kosa lipo, anayeumia si lazima awe ndiye mkosaji.

Tuitazame na Surat Ar-Rum, aya ya 41, inayotaja ufisadi uliodhihiri bara na baharini kwa yale yaliyotendwa na mikono ya watu. Milima inayolitazama ziwa letu imekatwa miti, na mvua ikinyesha udongo unashuka mpaka majini. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kando ya Tanganyika usijengwe, na sote tunajua kilichoendelea. Hewa chafu inayoibadilisha hali ya hewa ya dunia nayo hutoka zaidi katika nchi zenye viwanda vingi, wakati Burundi ni miongoni mwa nchi zinazotoa kidogo kabisa. Mikono hiyo ni ya watu wengi, wengine wako mbali sana. Anayelala nje na watoto wake mara nyingi ndiye aliyechuma kidogo kuliko wote.

Mkono wa mtu juu ya mtu

Mwenye shaka ana swali gumu kuliko la maji, na si haki kulikwepa. Maji hayana akili, lakini mwanadamu anayo. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianzia huku kwetu kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Kisha yakafuata mauaji makubwa zaidi nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakaishi Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na waliporejea baada ya miongo mingi walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Migogoro ya ardhi ya Rumonge mpaka leo ina mizizi hapo.

Tena tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ya Buta huko Bururi, kwenye milima iliyo juu yetu, wenye silaha waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana wale walikataa kutengana. Wakauawa 40. Walikuwa na umri kama wetu, na walikuwa watu wa sala. Mwenye shaka huuliza: Mungu wao alikuwa wapi?

Hatuna haki ya kuwatolea hukumu ya Akhera watu wale. Hiyo ni ya Allah peke yake. Lakini kuna mambo mawili tunayoweza kuyasema.

La kwanza, Allah amempa mwanadamu hiari, na hiari isiyoweza kudhulumu si hiari. Ila hakuiacha bila hesabu. Surat Ibrahim, aya ya 42, inatukataza tusidhani kwamba Allah ameghafilika na wanayoyatenda madhalimu. Anawachelewesha tu mpaka siku ambayo macho yatakodoka. Hoja ya mwenye shaka inasimama juu ya dhana asiyoitaja, kwamba kitabu cha hesabu kinafungwa kaburini. Akiwa sahihi katika hilo, basi kweli wauaji wengi wameshinda na waliouawa wameshindwa milele. Sisi tunaamini Siku ya Kiyama, na kwetu imani hiyo si pambo. Pasipo Siku hiyo, aliyeuawa hana pa kudai haki yake.

La pili, hasira ya mwenye shaka juu ya dhulma ni ya kweli, tusimkemee kwayo. Tumuulize tu imetoka wapi. Kama mwanadamu ni udongo na maji peke yake, kwa nini kuuawa kwake kutuume kuliko kuanguka kwa mti? Sisi tunasema inauma kwa sababu nafsi ina heshima iliyotoka kwa Muumba wake, na Surat Al-Maidah, aya ya 32, inaifanya damu ya mtu mmoja asiye na hatia kuwa sawa na damu ya watu wote. Walichokifanya vijana wa Buta, kukataa kumtoa mwenzao kwa sababu ya kabila, ni jambo ambalo Mwislamu analitambua mara moja. Wazee wetu wa Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi Bujumbura, walilitambua pia miaka ya 1990, pale mitaa mingi ya jiji ilipogawanyika kwa kabila, na wao wakaendelea kuishi pamoja, Wahutu na Watutsi.

Hekima ipo, lakini tusijifanye Khidhr

Mara nyingi tukimliwaza mtu husimulia kisa cha Nabii Musa (a.s.) na mja mwema, katika Surat Al-Kahf. Jahazi la maskini wanaofanya kazi majini lilitobolewa, na mwishoni ikabainika kwamba kutobolewa huko ndiko kulikoliokoa lisiporwe na mfalme. Kisa kizuri, na wavuvi wetu wanakielewa kuliko sisi.

Lakini kina mafunzo mawili, nasi hufundisha moja tu. La kwanza ni kwamba hekima ipo nyuma ya jambo linaloonekana ovu. La pili ni kwamba Musa, Nabii aliyesemeshwa na Allah, hakuijua mpaka alipoelezwa. Ikiwa Musa hakuijua, sisi wa mwaka wa pili chuoni tumeijulia wapi? Mwambie aliyefiwa kwamba Mola wake ni Mwenye hekima. Usimwambie hekima yenyewe ni ipi.

Dua inabadilisha nini?

Sasa swali la mwisho la mwenye shaka: kama yote yameandikwa, tunaomba nini?

Kwanza, dua yenyewe ni ibada, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.). Mtoto akimlilia mama yake hampi habari mpya, anarudi kwake. Pili, katika Hadithi aliyoipokea Imam Ahmad tunafundishwa kwamba Mwislamu anayeomba bila dhambi wala kukata udugu hupewa moja kati ya matatu: huharakishiwa alichoomba, au huwekewa Akhera, au huepushwa na shari iliyo mfano wake. Hakuna dua inayopotea, ila si kila jibu tunaliona. Tatu, dua nayo ni sababu miongoni mwa sababu zilizomo ndani ya qadar, kama dawa na kama mtumbwi.

Na dua haikuwekwa badala ya kazi. Nabii Ayyub (a.s.) alipoomba baada ya maradhi marefu, jibu lilimjia kwa amri: apige ardhi kwa mguu wake. Bibi Maryam (a.s.) katika uchungu wa kuzaa aliamriwa alitikise shina la mtende. Mgonjwa na mzazi, wote wawili dhaifu, wakatakiwa wafanye kile kidogo wanachokiweza. Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah, naye akajibu kwamba wanaikimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Kwa hiyo kuhama ukingo wa ziwa maji yanapopanda ni katika qadar. Hata kujenga juu zaidi na kupanda miti mlimani ni katika qadar.

Lakini Hadithi ninayotaka muondoke nayo ni ya Anas (r.a.), katika Bukhari na Muslim. Mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (s.a.w.) akiwa juu ya mimbari, akalalamika kwamba mifugo inakufa kwa ukame. Mtume akainua mikono akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akaingia mtu akilalamika kwamba sasa nyumba zinaanguka na mali inazama. Mtume hakusema, "Si mliomba wenyewe?" Wala hakuuliza nani ameacha sala, nani ameiba, nani amezini. Aliinua mikono tena, akamwomba Mola wake aielekeze mvua kando yao na si juu yao, kwenye vilima, mabonde na mahali panapoota miti. Mwenye kujua zaidi madhambi ya umma ule ndiye aliyekaa kimya juu yake saa ya mafuriko.

Tufanye nini?

Ndugu zangu, kaka na dada, tukirudi likizo pwani, tuanze na ulimi. Kwa aliyepatwa, neno la kwanza liwe pole, na swali la kwanza liwe, "Mmelala wapi? Watoto wamekula?" Mawaidha ya toba tuyaanze na nafsi zetu.

Kisha mkono. Zaka na sadaka zetu ziwafikie wanaohifadhiwa kwenye mahema na wanaokaa kwa jamaa, na sadaka isimruke jirani kwa sababu anakwenda kanisani. Anayesoma sheria amsaidie mjane mwenye kesi ya shamba kuelewa karatasi zake. Anayesoma ujenzi awaambie wazazi ukweli kuhusu kiwanja kilicho karibu mno na maji. Anayesoma kilimo asirudi Gatete mikono mitupu wakati vilima viko wazi.

Kisha mjadala. Mwenye shaka akiuliza, tusimfukuze. Wengi wao hawakuanza na kitabu cha falsafa, walianza na kaburi la mtu waliyempenda, na pengine pale kaburini mtu wa dini aliwaambia neno gumu. Akikuuliza, "Mtoto alikosa nini?" mjibu kwamba hakukosa kitu. Akikuuliza, "Kwa nini basi?" mwambie kwamba Mola wetu anajua, na ametuahidi kuwa hakuna chembe itakayopotea Siku ya Hesabu. Kisha mchukue, yeye na rafiki yake Mkristo, mwende pamoja kubeba magunia ya mchanga.

Ee Mola wetu, warehemu waliokufa maji na waliouawa kwa dhulma. Waliohama makwao warejeshe kwa amani, au uwape makazi bora kuliko waliyoyaacha. Zilinde ndimi zetu na kukusemea tusiyoyajua, na uifanye mikono yetu kuwa sababu ya rehema yako. Amin.

Wallahu a'lam.